Kisiwa Chetu na Kisiwa cha Shemeji

Kila asubuhi Mama Pacha huketi kwenye cherehani yake sebuleni. Mumewe hutengeneza friji, na mtaa mzima humwita Fundi Baridi. Nchi yao ni kisiwa kidogo. Nchi jirani nayo ni kisiwa, wala si kikubwa zaidi. Huko ndiko anakoishi kaka yake Fundi.

Siku moja Fundi aliingia na simu mkononi, meno yote nje.

"Mama Pacha, funga cherehani. Tunahama!"

"Tunahamia wapi tena?"

"Kwa kaka. Mshahara wa huko ni mara mbili ya wa hapa. Tazama hii picha. Barabara inang'aa kama sahani! Tuuze vyombo, tuuze na cherehani."

Mama Pacha aliitazama picha. Kisha akawatazama pacha wake. Wa kiume alikuwa akicheza. Wa kike alikuwa amejilaza mkekani, amelegea. Tumbo lilikuwa likimwendesha tena.

Muda huo aliingia jirani yao, nesi mstaafu, kumletea mtoto dawa ya kuongeza maji mwilini. Nesi aliwahi kufanya kazi katika kisiwa kile kwa miaka mingi.

"Shikamoo, mama," alisema Fundi. "Hebu mwambie huyu. Si kweli kule maisha ni mazuri?"

"Marahaba. Mazuri kwa lipi?"

"Kwa mshahara!"

Nesi alicheka. "Mshahara ni kitu kimoja tu, mwanangu. Maisha ni siku nzima. Ukitaka kulinganisha nchi mbili, uliza siku ya mtu inakwendaje. Analala wapi? Anakunywa maji gani? Akiugua, anatibiwa wapi? Anapata muda wa kukaa na wanawe? Mpigie kaka yako umuulize."

Fundi akapiga simu, akaongeza sauti ili wote wasikie.

"Kaka, kodi ya nyumba huko ikoje?"

"Usinitoneshe kidonda! Inakula nusu ya mshahara."

"Na watoto?"

"Wazima. Ila mimi nawaona wamelala tu. Natoka hawajaamka, narudi wamekwisha kulala."

Mama Pacha alitaka kucheka, lakini nesi akainua kidole.

"Ulizeni na mazuri pia. Tusijipendelee."

Mama Pacha akaichukua simu. "Shemeji, watoto wanaumwa matumbo?"

"Matumbo? Hata sikumbuki. Hapa kila nyumba inakinga mvua kwenye tangi lenye kifuniko. Na maji ya kunywa tunayachemsha."

Wote waligeukia pipa la maji pale mlangoni. Lilikuwa wazi. Kikombe kilielea ndani, na nzi wawili kando yake.

"Basi kwa maji wametushinda," alisema Mama Pacha. "Sisi tunawashinda kwa kodi nafuu ya nyumba na kwa kukaa pamoja. Lakini maji tunaweza kuyarekebisha hapa hapa. Mimi cherehani siuzi."

Fundi alikuna kichwa. "Umenibana, mke wangu."

"Sijakubana. Nimekupa kazi."

Wiki ile Fundi alipanda juu ya paa na ufagio. Alilifagia, kisha akafunga mfereji wa kupeleka maji kwenye tangi alilonunua. Nesi alisimama chini akielekeza.

"Mvua ya kwanza iache imwagike. Inabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa tangi weka wavu, kisha kifuniko. Chini weka bomba, mtu asichovye mkono wala kikombe."

"Na tukishakinga, tunywe?" aliuliza Mama Pacha.

"Mchemshe kwanza mpaka yatokote vizuri. Yakipoa, yawekwe kwenye chombo safi chenye kifuniko. Na mikono ioshwe kwa sabuni, hasa mkitoka chooni na kabla ya kula."

"Mama, hata mimi?" aliuliza Fundi kutoka juu.

"Wewe wa kwanza!"

Mvua zilikuja, zikaisha. Yule binti hakulegea tena. Mashavu yalijaa, na sasa alimkimbiza kaka yake uwanjani mpaka yule mvulana akaomba poo. Majirani walikuja kuchungulia tangi, kisha wakamwita Fundi awafungie na wao. Kazi za friji na matangi zikamshika kweli kweli.

Hata hivyo, kila mchana aliziacha, akarudi nyumbani kula na mkewe na wanawe. Jina la Fundi Baridi likaanza kusahaulika. Siku hizi mtaani anaitwa Fundi Mvua, naye huitika kwa kujidai.