Nilimwambia Trafiki Kuwa Tumaini Amekufa

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na nne, ni mama wa watoto wawili, naishi Ilomba, Mbeya. Jina langu ni Zulfa. Zamani niliitwa Tumaini... na huyo Tumaini nilimuua kwa mdomo wangu mwenyewe!

Jina hilo nilipewa na baba, mzee wa kanisa kule Ipogolo, Iringa. Kabla yangu mama aliharibikiwa mimba nne.

Nilipoolewa na Hamisi, muuza vitenge, nilisilimu kwa hiari yangu. Baba aliikubali ndoa kwa shida, nami nikamdanganya kwamba jina nimebaki nalo. Kitambulisho na leseni nilibadilisha kimyakimya. Kadi ya gari sikuigusa. Gari lenyewe, Noah, alininunulia baba kabla sijaolewa, na kila akija kwetu alipenda kuisoma kadi kwa sauti, huku anacheka. Ningeanzia wapi? Hamisi alinisihi nikaibadilishe, au angalau nitembee na hati ya kiapo ya jina. Mimi kila siku kesho, kesho...

Mwaka jana baba aliugua figo. Nikamfuata nimlete hospitali Mbeya. Karibu na Igawa, trafiki akatusimamisha. Akasoma leseni, akasoma kadi.

"Mama, huku Zulfa, huku Tumaini. Tumaini ndo nani?"

Baba alijilaza kiti cha nyuma, amefumba macho. Ningesema ni mimi, je, akisikia? Nikanong'ona, ili yaishe, "Dada yangu, afande... marehemu."

"Marehemu? Karatasi za mirathi ziko wapi?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka nyuma. "Afande, mwanangu kafa lini?"

Mungu wangu! Nilikiri yote palepale, nikilia. Gari likazuiwa hadi Hamisi alete hati kutoka Ilomba. Trafiki alimtafutia baba lifti, mzee akakataa. Mgonjwa yule alikaa kwenye benchi la kituo cha polisi kwa muda wa saa tano, hanitazami.

Alitibiwa, akapata nafuu. Nilipiga magoti wodini kumwomba radhi.

"Zulfa ningelizoea," alisema. "Marehemu nitamzoeaje?"

Kadi nimeshabadilisha. Jambo nililoliogopa miaka sita lilichukua siku chache tu!

Ndugu zangu mliobadili majina, nawaomba, kabadilisheni leseni, kadi na bima, msiache hata kimoja. Lakini kwanza mwambieni aliyewapa jina la mwanzo. Atanuna, atapoa.

Mimi humpigia baba kila Jumapili akitoka kanisani. "Shikamoo, baba." Zamani alijibu, "Marahaba, Tumaini." Siku hizi anasema, "Marahaba," kisha ananyamaza.