Rimu za Maganga Zilivyotukosesha Bima

Siku ile uani kwetu tulikuwa sita. Mimi Zena, mdogo wangu Rama akiwa na mkono uliofungwa hogo, kitinda mimba wetu Asha, jirani yetu Mzee Saidi, mkaguzi wa kampuni ya bima... na Maganga fundi, ambaye hakuna aliyemwita!

Nina miaka thelathini na tatu. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikawalea wadogo zangu kwa kuuza asali ya Sikonge hapa Tabora mjini.

Rama alipopata leseni, nilikopa kwenye kikundi chetu cha akina mama nikanunua gari abebee abiria. Dhamana ilikuwa nyumba aliyotuachia baba. Ndiyo, nyumba! Kwa hiyo nikakata bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, japo walitutoza zaidi kwa kuwa dereva ni mgeni barabarani. Dada wa ofisini akatuambia sote wawili, "Mkibadilisha chochote kwenye gari, hata taa, njooni mtuambie kwanza." Rama akatikisa kichwa kama anayefukuza nzi.

Maganga ni rafiki yake, ana gereji. Akamjaza maneno kwamba hakuna bibi harusi wa Tabora atakayekubali kupanda gari la kubebea mchicha. Walishushe, waliwekee rimu pana, tinti, na taa za bluu chini ya milango. Malipo? Harusi zikianza!

Nilipoliona nililia kwa hasira. Nikauliza, watu wa bima wanajua? Maganga akanicheka mbele ya vijana wake.

"Dada Zena, bima ni ya ajali, huu ni urembo. Kwani wewe ukipaka hina unakwenda kumwambia daktari?"

Rama akaniapia kwamba keshapeleka taarifa ofisini. Aliniapia, wasomaji wenzangu! Mtoto niliyemlisha kwa mikono hii!

Harusi moja tu ndiyo aliyoipata. Kisha, akirudi peke yake kutoka Sikonge, kwenye kona tairi la mbele likasuguana na bodi mpaka likapasuka. Gari likabingirika. Ninamshukuru Mungu alitoka na mkono uliovunjika tu.

Gari likakokotwa hadi uani kwetu, na mkaguzi akaja kulitazama. Alichuchumaa, akapitisha kidole pale tairi lilipokwangua bodi, akauliza kama gari lilinunuliwa likiwa hivi. Rama akajibu, bila haya, "Ndiyo, lilikuja hivi hivi."

Damu ikanichemka. Kumbe hakuwahi kupeleka taarifa yoyote! Nilifungua mdomo nimkanushe... Maganga akaingia na jeki na spana.

"Kabla hamjalipeleka popote, natoa rimu zangu! Sijalipwa hata shilingi!"

"Nyamaza wewe," Mzee Saidi akamkemea, "huoni tuna mgeni?"

"Mgeni wenu, siyo wangu!" Tayari alikuwa analegeza nati.

Mkaguzi akamuuliza kwa upole, "Fundi, na springi nani alizikata?"

Na yule mpumbavu akajipiga kifua! "Mimi! Lilikuja gereji kwangu limesimama juu kama trekta. Gari hili nimelipamba mimi, muulize yeyote mjini!"

Asha akajifunika uso kwa kanga. Rama akatazama chini.

Madai yetu yakakataliwa. Mabadiliko hayakutolewa taarifa, na ndiyo yaliyopasua tairi. Maganga akaondoka na rimu zake, na jioni akarudi kudai fidia ya mbili zilizopinda! Nilimfukuza kwa ufagio. Hadi leo akinisalimia sokoni, simwitikii. Sitamwitikia!

Wewe uliyepata leseni juzi, unayetamani gari ling'ae, nakusihi: kabla hujakwenda kwa fundi, nenda ofisi ya bima. Wakikubali, wakuandikie. Wakikataa, liache kama lilivyo. Na wewe dada au kaka uliyeweka jina lako kwenye bima ya mdogo wako, usiridhike na kiapo chake. Nenda mwenyewe ukaulize. Mapenzi ya ndugu hayalipi tairi, wala bodi, wala mkono uliovunjika.

Gari tuliliuza kama chuma chakavu. Rama sasa anafyatua tofali, na ujira wake naupokea mimi, mkononi, kabla hajanawa udongo. Kila kikao cha kikundi napeleka tulichonacho, na akina mama wanahesabu huku wananitazama. Hati ya nyumba ya baba bado iko kwao. Na mkopo wa gari ambalo halipo bado tunaulipa.