Rangi ya Codjo

Haya yalimkuta rafiki yangu Codjo, fundi wa kuchomelea huko Bohicon, nchini Benin. Ni yeye aliyewasifia majirani pikipiki mpya zilizoingia mjini. Jirani mmoja, Dansou, alipoleta yake ina ufa shingoni mwa fremu, Codjo aliona haya kusema, akaufunika kwa rangi nyekundu.

"Mkwaruzo tu, kaka. Chuma hiki kitakuzika!"

Wiki haikuisha, fremu ikakatika, Dansou akazikwa.

Mjane wa Dansou akamwita Codjo amweleze sababu. Alikwenda kwa pikipiki ya abiria, vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, limetia giza mchana. Chini ya tangi kitu kikalia: kri, kri.

"Simama! Fremu inakatika!" Codjo alipiga kelele.

"Mkwaruzo tu, kaka," dereva akajibu, akasimama.

Codjo akashuka, akaipapasa shingo ya fremu. Pikipiki ikatokomea vumbini.

"Kosa la kiwanda, shemeji," alimwambia mjane, akampa mkono.

Mjane akakitazama kiganja chake mwenyewe: kimeshika rangi nyekundu, mbichi.