Mistari ya Hina Mwilini mwa Fumo Shee

Zamani zile merikebu za Uchina zilipokuwa zikileta hariri na kaure katika pwani yetu, mji wa Ungwa ulizingirwa na majeshi ya Kitoka. Mashamba yalikuwa nje ya kuta, kwa hiyo watu wakaishi kwa chaza waliookotwa chini ya ngome. Amiri wa vita alikuwa Fumo Shee, shujaa wa upanga na, niseme kweli, mkaidi kupindukia.

Desturi ya Ungwa haikuwa na huruma: mwenye ukoma alitolewa kwa mlango wa nyuma, asirudi tena. Siku chache kabla ya kisa hiki, Mwana Esha, dada yake Shee, alitokwa na mabaka mekundu mwili mzima. Shee mwenyewe ndiye aliyeamuru atolewe, akageuza uso asimwone akilia.

Sasa mabaka yaleyale yakamtoka yeye.

"Bwana Amiri," waziri akasema kwa upole, "sheria iliyomtoa dada yako ni yako pia."

"Sikatai," Shee akajibu, akafungua upanga kiunoni, akamkabidhi.

Lin, tabibu wa Kichina ambaye merikebu yake ilivunjika mwambani Ungwa, akaomba wasubiri mpaka alasiri. Akachukua hina, akazungushia kila baka mstari.

"Ukoma hukaa palepale," alisema. "Upele wa upepo, unaoletwa na chakula kisichokupatana, huhama."

Kisha akachemsha mizizi ya susi na maua makavu ya kwao, akiba yake ya mwisho, akamwosha, akamnywesha, akamkataza chaza.

Alasiri wazee walikuta mistari ya hina imezunguka ngozi safi. Waziri akamrudishia upanga kwa mikono miwili.

Shee hakufurahi. "Tabibu, wa dada yangu ulikuwa upele huuhuu?"

"Nilikwambia siku ile, Bwana. Hukutaka kunisikiliza."

Shee akalia mbele ya askari wake, akafungua mlango wa nyuma, akatoka peke yake. Askari wakaona haya kumwacha, wakamfuata. Watu wa Kitoka hawakulinda upande ule, wakavamiwa kwa nyuma, wakatimuliwa kabla ya magharibi.

Wasimulizi wa Ungwa wangali wanasifu mbinu ya Fumo Shee. Hapakuwa na mbinu yoyote. Alipigana akiita jina la dada yake, mpaka akamkuta mikokoni, hai, amekonda, ngozi yake safi. Akapiga magoti, akamweleza habari ya hina.

Mwana Esha akaitazama mistari mkononi mwa ndugu yake.

"Mbona mimi hukuniacha nichorwe?" akauliza.

Shee akambeba mgongoni mpaka mjini.