Kichupa chenye Harufu ya Embe

Tarishi alijitosa kwenye chumba cha dobi cha hoteli. Mpelelezi Sumaku alimfuata hatua tano nyuma, bastola ya Glock mkononi.

Mvuke. Mashuka. Mlango mmoja tu.

"Umefika mwisho, ndugu yangu. Lete hiyo sampuli."

Tarishi alicheka. Aling'oa kifuniko cha kichupa kwa meno, akagugumia kilichomo chote.

"Sampuli gani, kaka? Nimekunywa juisi."

Harufu ya embe ikasambaa. Sumaku akafa ganzi.

Aliijua. Miaka miwili nyuma bintiye, wa miaka mitatu, alichomoa kichupa kama kile kwenye koti la babake.

"Hiyo ni nikotini ya sigara za umeme. Haijazimuliwa."

"Usinitishe."

Dakika chache tu, jasho likamtoka tarishi. Mate yakamchuruzika. Akatapika, magoti yakamlegea, mikono ikaanza kurukaruka.

Sauti ya Mama Mkubwa, mkuu wa idara, ilikwaruza katika kifaa cha sikioni mwa Sumaku. "Lori lenye shehena yote liko wapi? Mbane aseme!"

"Amemeza sumu. Leta ambulensi."

"Lori kwanza!"

"Ambulensi, Mama!"

Sumaku alimlaza tarishi ubavu, akamfuta mdomo kwa shuka.

"Walisema… haina madhara," tarishi alinong'ona.

"Mwanangu alionja kidogo tu. Alitapika, kisha akatulia. Nikadhani amelala."

Tarishi alimkodolea macho.

"Ghala la vigae," akasema. "Karibu na reli. Maboksi yameandikwa… sharubati ya watoto."

Kisha kifua chake kikatulia.

Utulivu uleule.

"Hapana," Sumaku alisema, na hakuwa akisema na tarishi. Alimgeuza chali, akamwinua kidevu, akampulizia pumzi. Akahesabu. Akapuliza tena. Kila kifua kilipopanda alikiona kingine, kidogo, ndani ya fulana ya manjano.

Wahudumu wa ambulensi walimtoa Sumaku kwa kumvuta bega.

"Tuachie, kaka. Moyo unapiga. Mashine itampumulia."

Sikioni, Mama Mkubwa alishusha pumzi. "Lori tumelinasa. Maboksi mia nne, hakuna lililotoka."



"Nawa mikono," nesi wa ambulensi alimwambia Sumaku. "Sumu hii hupita hata kwenye ngozi."

Alinawa. Akanawa tena. Mara ya tatu nesi akamfungia bomba.

Sumaku akafunga vifungo vya koti, akatoka kwa mlango wa mbele, taratibu, kama mgeni yeyote wa hoteli.