Dawa Iliyobaki Mkononi mwa Mama

Fundi alikuwa na masikio ya ajabu. Cherehani yake ilinguruma tangu asubuhi, redio ya jirani ikipiga kelele dirishani, lakini kifua cha binti yake kikianza kulia chumba cha pili, alisikia. Hapo hapo aliacha kushona, akachukua kikopo cha dawa ya kuvuta, kile watu wanachokiita inhela, akaenda.

"Panua mdomo," alisema.

Binti alipanua mdomo, macho yakiwa bado kwenye kitabu. Mama akatikisa kikopo, akamwekea mdomoni.

"Funga midomo. Vuta." Akabonyeza. "Zuia. Haya, toa."

Kisha akarudi kwenye gauni lake. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka kumi na miwili.

Binti huyo alikuwa na pumu tangu akiwa na miaka saba. Kaka zake walimbandika jina la Kipenga, kwa sababu kifua chake kilipenda kupiga mluzi. Mwenyewe hakukasirika. Alikuwa na maneno mengi na kicheko cha karibu, tena masomo aliyaweza. Barua ya chuo ilipofika, hakuna aliyeshangaa. Chuo kilikuwa mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi. Angesomea upimaji wa ardhi, na angekaa chumba cha kupanga na mwanafunzi mwenzake.

Fundi alifurahi, halafu akaogopa, halafu akaanza kushona. Alishona mapazia. Alishona foronya nne, utadhani binti ana vichwa vinne. Mwisho akashona kifuko cha kamba, akatia ndani inhela mbili, moja ya bluu na moja ya kahawia.

"Unazijua hizi?" aliuliza.

"Mama! Si nimezitumia tangu nikiwa mdogo?"

"Haya. Usije ukanitia presha."

Basi, Kipenga akahama. Kila asubuhi, kabla hajatia uzi kwenye sindano, Fundi alipiga simu.

"Umevuta dawa?"

"Nimevuta, mama."

Kipenga hakudanganya. Alivuta kweli. Ila alivuta ipi, na kwa namna gani, Fundi hakuuliza.

Wiki ya tatu simu ililia saa tano asubuhi. Namba ilikuwa ngeni.

"Shikamoo, mama. Mimi ninakaa chumba kimoja na Kipenga. Usishtuke..."

Mzazi akiambiwa asishtuke, ndipo anaposhtuka. Fundi alisimama na pini mbili mdomoni.

"Alishindwa kupanda ngazi za darasani," msichana aliendelea. "Akawa hawezi hata kumaliza sentensi. Tumemleta zahanati ya chuo. Wamempa dawa, sasa anapumua vizuri."

Fundi alitoa pini mdomoni. Aliacha gauni la mteja likiwa na mkono mmoja, akachukua begi kubwa, tena tupu, akapanda basi. Begi lilikuwa la kurudishia vitu vya Kipenga. Ndani ya basi alishaamua. Chuo kitasubiri, na kisiposubiri shauri yake.

Alimkuta Kipenga zahanati, ameketi wima kitandani, uso umechoka. Mwenzake wa chumbani, msichana mrefu mwenye aibu, alisimama mlangoni.

"Funga vyako," alisema Fundi. "Tunarudi nyumbani."

"Mama, sitaki."

"Sijakuuliza kama unataka."

Machozi yalimlengalenga Kipenga. "Nikirudi sasa, nafasi yangu imekwenda. Na huko nyumbani pumu itaisha?"

Swali hilo likamkasirisha Fundi zaidi.

Nesi wa zahanati, mwanamke mfupi mwenye miwani, alisogeza kiti, akatoa inhela mbili kwenye kile kifuko cha kamba. "Kabla hamjafunga mzigo, naomba dakika chache. Binti, hii dawa ya kahawia kazi yake nini?"

"Hiyo ni ya kila siku," alijibu Fundi. "Asubuhi na jioni."

"Na hii ya bluu?"

"Akibanwa tu," alijibu Fundi.

Nesi alivua miwani. "Mama, kwani mgonjwa ni yupi kati yenu?"

Kipenga alicheka hadi akakohoa. Fundi hakucheka.

"Haya, binti. Nionyeshe unavyovuta."

Kipenga alichukua ile ya bluu. Hakuitikisa. Aliishika mbele ya mdomo ulio wazi, akabonyeza, ndipo akaanza kuvuta. Ukungu mwembamba wa dawa ukamtoka pembeni mwa midomo.

"Dawa imekwenda wapi?" aliuliza nesi.

"Hewani," alisema Kipenga kwa aibu.

"Nyumbani nani anakubonyezea?"

Kipenga alitazama chini.

"Mimi," alisema Fundi.

"Na hii ya kahawia umeitumia mara ngapi tangu uhamie hapa?"

"Siku mbili. Niliona hainipi nafuu, nikaiacha."

Nesi alitikisa kichwa taratibu. "Wengi hufanya hivyo. Ya bluu inafungua njia za hewa pale pale, kwa hiyo unaisikia. Ya kahawia inapunguza uvimbe ndani ya njia hizo, kidogo kidogo. Leo huisikii. Lakini ukiiacha, uvimbe unarudi, na siku moja ngazi zinakushinda. Tena rangi zisikudanganye. Kampuni nyingine zina rangi nyingine. Soma jina la dawa."

"Kwa hiyo kosa ni langu," alisema Fundi. Alikuwa amejisifu miaka yote kwamba hakuna anayemtunza mtoto kama yeye.

"Umemlea vizuri, mama. Amefika mpaka chuo. Ila ulimhamisha yeye na vyombo vyake, ukasahau kumkabidhi ugonjwa wake."

Fundi aliwafikiria wasichana wanaojifunza kushona kwake. Siku ya kwanza tu huwapa mkasi. Wakikata kombo, huwaacha wakate tena mpaka mkono uzoee. Binti yake mwenyewe hakuwahi kumpa mkasi.

"Mfundishe," Fundi alimwambia nesi. "Mimi nanyamaza."

"Utaweza?" aliuliza Kipenga.

"Nitajitahidi."

Nesi alimwelekeza hatua kwa hatua. "Tikisa. Toa pumzi nje. Bana midomo kwenye mdomo wa kikopo. Anza kuvuta polepole, bonyeza mara moja, endelea kuvuta. Sasa zuia pumzi, hesabu mpaka kumi. Toa."

Mara ya kwanza ukungu ulitoka. Mara ya pili Kipenga alibonyeza mapema mno. Zamu hiyo Fundi alifungua mdomo, nesi akamtazama, akaufunga. Mara ya tatu hakuna ukungu ulioonekana.

"Hapo sawa," alisema nesi. "Ukimaliza ya kahawia, sukutua maji uteme, usije ukapata vidonda mdomoni. Iweke karibu na mswaki wako, hutaisahau. Na ukiona unahitaji ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, njoo tuonane. Hapo pumu haijatulia."

"Na nikibanwa sana?" aliuliza Kipenga. Lilikuwa swali lake la kwanza kuhusu ugonjwa wake mwenyewe.

"Kaa wima. Vuta ya bluu kama nilivyokuandikia kwenye karatasi hii. Isipokusaidia, au ukishindwa kuzungumza, au midomo ikibadilika rangi, usisubiri. Mwenzako akuwahishe hospitali, nawe uendelee kuvuta njiani."

Msichana mrefu aliisoma karatasi, akaipiga picha kwa simu yake.

Fundi alirudi nyumbani kesho yake. Kondakta alipotaka kuliweka begi lake kwenye buti, alimwambia halina kitu. Alilia kidogo njiani, kisha akalala.

Asubuhi zilizofuata alipiga simu kama kawaida, lakini aliuliza tu, "Umeamkaje?" Swali lile jingine lilimwasha ulimi. Wiki mbili zilipita.

"Mama, mbona siku hizi huniulizi habari za dawa?"

"Si zako?"

"Zangu," alisema Kipenga, na Fundi akasikia furaha katika sauti yake.

Baada ya miezi mitatu alikwenda kumtembelea. Kipenga alibeba mzigo wa mama yake mpaka ghorofa ya pili bila kusimama, huku akizungumza. Fundi ndiye aliyesimama.

Walikuwa wameketi chumbani, Kipenga akisimulia, mara jirani akaanza kufagia uani. Vumbi likapanda dirishani. Fundi akausikia ule mluzi, mwembamba, kifuani mwa binti yake. Alikuwa ameshanyanyuka nusu.

Kipenga alifunga dirisha. Alichukua ile ya bluu rafuni, akatikisa, akatoa pumzi, akavuta, akazuia.

Fundi alikuwa bado hajakaa wala hajasimama. Alihesabu kimoyomoyo mpaka kumi, naye amezuia pumzi. Wakapumua pamoja.

Mluzi ukapungua, kisha ukaisha. Kipenga akarudisha kikopo mahali pake.

"Ehe, nilikuwa nakwambia nini?"

Fundi alikaa. Moyo wake ulimuuma kidogo, lakini ulifurahi zaidi.

"Mtihani," alisema. "Ulikuwa unaniambia habari za mtihani."