Injini Iliyocheua

Harufu ndiyo iliyotangulia. Moshi wa dizeli tunaujua sote, unakera lakini hauchefui. Huu uliotoka kwenye mashine ya kusaga ulinuka kama kidonda kilichofungwa bandeji wiki nzima bila kubadilishwa. Wateja waliziba pua, wakabeba ndoo zao za mahindi, wakaondoka mmoja mmoja bila hata kuaga.

Mwenye mashine alikuwa mjane, na mashine hiyo ndiyo iliyokuwa mume wake, shamba lake na pensheni yake. Ikifa, watoto hawali. Akamwita mdogo wake, fundi wa injini, ambaye mtaani walimwita Pua kwa kuwa alitambua ubovu kwa kunusa tu.

"Dada, unailisha nini hii?" Pua aliuliza, akitema mate pembeni.

"Dizeli, mdogo wangu. Nimeihifadhi kwenye lile pipa nililolikuta kwenye gofu la nyumba kule nyuma."

"Lilikuwa tupu?"

"Lilikuwa limezibwa kwa kitambaa na nta. Nikakivuta, nikachungulia, sikuona kitu."

Pua alicheka. Alishika hendeli akaizungusha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Alipozungusha tena iliwaka, lakini kwa kuchechemea, ikitikisa mpaka sakafu.

"Hewa imeingia kwenye mpira wa mafuta," alisema. "Na filta imeziba. Jambo dogo."

Akafungua filta. Ndani mlikuwa na nywele. Si nyuzi za gunia, nywele ndefu za mtu, zimelowa ute wa manjano, na kwenye mizizi zimenata vipande vya ngozi. Kinyaa kilichoje! Mjane alikimbilia ukutani akatapika chai yote ya asubuhi.

"Tuache, mdogo wangu," alinong'ona. "Hiyo si injini tena."

"Tukiacha, wanao watakula nini?"



Pua alisafisha filta, ikabaki kazi ya kuvuta dizeli kutoka kwenye pipa ipite kwenye mpira. Mafundi wengine hutumia pampu ya mkono. Yeye alifundishwa na wale wa zamani, wanaoamini kwamba fundi asiyeijua ladha ya dizeli bado ni mwanafunzi.

"Usitie mdomo wako hapo, nakusihi," dada yake alisema.

Sikio la kufa halisikii dawa. Pua aliutia mpira mdomoni, akanyonya, na kilichotangulia kilikuwa majimaji ya uvuguvugu yenye chumvi, kikafuatiwa na kitu kinene, laini, kilichojivuta chenyewe kwa kujikunja na kujikunjua, kikaupita ulimi, kikasita kooni kama mtu anayechungulia mlangoni kabla ya kuingia, na Pua akajitahidi kukitema kwa nguvu zake zote, lakini koo lake, bila kumwuliza, likameza.

Kisha ikaja dizeli safi. Injini iliwaka mara moja, ikanguruma vizuri kuliko siku iliponunuliwa. Harufu ilitoweka. Wateja wakarudi na ndoo zao, foleni ikafika barabarani.

Pua alilazwa chumba cha nyuma. Tumbo lilimvimba, akawa anacheua ute wa manjano, na kila alipocheua alivuta kwa vidole nywele zilizomtoka kooni, akavuta, akavuta tena, zisiishe, huku ndani yake kitu kikicheka taratibu kwa sauti ya mwanamke aliyeshiba.

Akaletwa mganga, bibi asiye na maneno mengi. Alimnusa mgonjwa mdomoni, akageuza uso.

"Jini huyu namtoa leo hii," alimwambia mjane kwa sauti ya chini. "Ila amezoea kukaa ndani ya kitu. Akitoka kwa nduguyo atarudi kwenye mashine yako, na humo hatatoka tena. Itabidi ukaitupe. Sema, mwanangu. Nianze?"

Nyuma ya ukuta injini ilinguruma, na wateja walikuwa wakigombea zamu. Pua alimshika dada yake pindo la nguo kwa vidole vilivyonasa nywele. Alitaka kusema, lakini mdomo ulikuwa umejaa.

 Mjane akavibandua vidole vile kimoja kimoja, akaufuta ute ulioachwa kwenye nguo yake.

"Bibi," alisema, "hatuwezi kungoja kwanza msimu wa mavuno uishe?"